Salamu ya Kuchuchumaa

Wiki hii nilikaa kwenye benchi la wagonjwa, hospitalini Kasulu. Pembeni yangu alisimama mama kijana, kifundo cha mguu kimevimba. Aliniambia aliteguka zamani, akishuka na mzigo wa mihogo kule Kitanga.

"Nilikandwa maji ya moto, kesho yake nikashika jembe."

Asubuhi hiyo daktari alikuwa amemwambia kiungo kimesagika, asichuchumae tena.

Mara akaingia mama mkwe wake. Yule mama kijana aliinama kidogo, akapiga makofi taratibu, akamsalimia kwa Kiha: "Mwakeye, mama."

Mama mkwe hakuitikia. Huku kwetu mke wa mwana humsalimia mama mkwe akiwa amechuchumaa.

"Unanisalimia umesimama, kama mgambo?"

Benchi zima likacheka.

"Ni kifundo, mama. Daktari amesema..."

"Kifundo, kifundo! Hicho ni kiburi. Mwanangu akirudi kutoka Kagerankanda, nitamwambia akurudishe kwenu."

Yule mama kijana akashika ukuta, akateremka mpaka akachuchumaa. Kifundo kilikwaruza kama mchanga kwenye sahani ya bati, na kicheko kikakatika. Akairudia salamu kutoka chini, machozi yakimdondoka. Sasa mama mkwe aliitikia kikamilifu: akauliza habari za watoto, za mbuzi, za maharage, za mvua, na kila swali likajibiwa kutoka sakafuni.

Tunasifiwa kwa salamu zetu ndefu, hata mimi nimezitungia mashairi. Zilipokwisha, tulimwinua watu wawili, maana mguu ulikataa kabisa.

Mama mkwe alitugeukia, uso umemkunjuka.

"Mmeona? Kumbe anaweza."