Mtungi wa Pili Umenifukuzisha Kazi Karema

Leo nimefukuzwa kazi kwa kubeba hewa nyingi.

Mimi ni mzamiaji. Tulienda Karema kuopoa injini ya boti iliyozama ziwani, kina kirefu. Nikafunga mitungi miwili ya hewa mgongoni, kila mmoja na mpira wake wa kupumulia. Mmoja ukigoma, unahamia mwingine.

Bosi akacheka. "Kaka, unazamia au unahama? Toa mmoja, unatuchelewesha!"

Nikakataa.

Akampa kazi Juma, mzamiaji mwenzangu. Juma akashuka na mtungi mmoja, hata hakunitazama.

Akaibuka mzima. Injini ikavutwa kwa kamba, watu wakashangilia. Mimi nikaitwa mwoga, nikaambiwa nisirudi tena.

Niko nyumbani Mpanda. Hebu nyie niambieni: ili nionekane nilikuwa sahihi, ilibidi Juma afe?