Bundi wa Darini kwa Ambakisye

Sikuwa nimelewa siku ile, wala sikuwa na homa. Haya niliyaona kwa macho yangu huko kijijini Masoko, nilikopanga chumba baada ya kuzurura miji mingi.

Panya walikuwa wanamaliza mahindi yangu. Kwa jirani yangu Ambakisye hakuna gunia lililotobolewa. Unajua kwa nini? Darini kwake aliishi bundi. Watu walisema ni wa kichawi, yeye akicheka tu.

“Ndugu yangu,” aliniuliza mbele ya watu, “wewe unafuga panya, au panya ndio wanakufuga?”

Walicheka wote. Niamini, wivu unauma kuliko njaa. Nilinunua sumu, nikaichanganya na dagaa. Panya walipoanza kuyumba niliwaokota kwa koleo, nikawatupa shinani mwa migomba, kama tunavyotupa huku kila kinachooza, kiwe mbolea. Lakini nilichagua migomba ya upande wa Ambakisye. Nilijua bundi huwinda pale? Nilijua.

Siku ya tatu, jioni, ukungu ukiwa umeshuka, mwanamke nisiyemfahamu alisimama migombani. Alivaa kitenge cha kahawia chenye madoa. Damu ilimchirizika puani.

“Mwanangu, naomba maji.”

Alimaliza kopo, kisha ndoo nzima. Hakupepesa macho hata mara moja.

“Panya wako wana nini?” aliuliza. “Tangu niwale, kiu haiishi.”

Niliinama kuiweka ndoo chini. Nilipoinuka, hayupo. Kwenye tope hapakuwa na unyayo hata mmoja. Chini ya mgomba alilala bundi, mabawa wazi, damu mdomoni, kifua kimelowa maji.

Nilimwita Ambakisye, nikamweleza yote. Nilitaka anipige. Alimfunga ndege kwenye shati lake, machozi yakimtoka.

“Ungesema tu, ndugu. Ana makinda wawili. Wakishakua, mmoja angehamia kwako.”

Makinda walikufa wiki ileile. Sasa panya wanatoboa magunia yake kama walivyotoboa yangu. Tumelingana. Nami nilihamia Makandana, lakini ukungu ukishuka koo hunikauka, hata ninywe maji kiasi gani. Na unajua ninachomwonea wivu Ambakisye hadi leo? Yale machozi. Mimi sijawahi kuwa na kitu cha kukililia vile.

Wewe unayetega sumu uani, nisikilize: panya aliyeila hafi peke yake. Kabla hujainunua, jiulize unamtegea nani.