Jivu la Njia ya Kasulu

Telesphory alikuwa na tabia moja iliyonichosha kabla sijaielewa. Ukimwambia kampuni fulani inatafuta madereva, haulizi mshahara, haulizi kama magari ni mapya au makuukuu. Anamaliza ugali wake, ananawa, anasema, "Ngoja kwanza nikaangalie jivu." Kisha huyo anaondoka, na mwenye habari anabaki amekodoa macho.

Mimi ni Nasma, mzaliwa wa Ujiji, lakini hoteli yangu ilikuwa Gungu, mabati sita na mabenchi manne, mkabala na uwanja wa malori. Mwaka ule wa tisini na sita vita vya Burundi vilikuwa vimewasukuma watu kwetu kwa maelfu, na kambi za Kasulu zilitaka chakula kila siku iendayo kwa Mungu. Mahindi na maharage ya msaada yalishushwa stesheni Kigoma, yakapakiwa malori, malori yakapanda milima. Kampuni zikaota kama uyoga. Madereva wakaanza kubembelezwa. Mtu niliyemjua anaomba lifti ya kwenda Mwandiga sasa anachagua gari la kuendesha. Wote walichagua haraka haraka. Telesphory peke yake alikaa kwenye benchi langu miezi miwili mizima, akipima.

Hilo jivu ni hivi. Gari likiharibika porini, dereva haliachi. Anakata matawi mabichi na kuyatandaza barabarani, mbele na nyuma, ili wenzake wasije kulivaa. Kisha anapanga mafiga matatu kando ya gari na kuanza maisha. Anapika hapo, anaota moto hapo, matawi yakinyauka anakata mengine, mpaka siku mwenye gari atakapoleta fundi na spea. Gari likishaondoka, jivu na matawi makavu vinabaki. Jivu likiwa kiganja kimoja, ujue mwenye gari aliwahi. Likiwa la kujaza karai, ujue mwenye gari alikuwa mjini anakunywa chai.

"Dereva mwenzangu atanificha kwa aibu, Mama Lulu," aliniambia. Lulu ni binti yangu. "Jivu halimwonei mtu haya."

Nilimcheka, kisha nikaacha kucheka, maana sababu yake niliijua. Miaka mitatu nyuma aliendesha malori ya kampuni moja ya bluu. Jina silitaji, mwenyewe bado yu hai na mimi sitaki kesi. Difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, ilimkatikia mbele ya Kibondo, akakaa pale siku kumi na tisa akilinda mali ya watu. Mkewe Leonia alikuwa na mimba pevu. Kila asubuhi alikwenda ofisini kuuliza, na kila asubuhi karani alimjibu, bila hata kuinua kichwa, "Yuko njiani." Akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto aliishi siku nne. Telesphory alirudi na dumu la asali aliyomnunulia mzazi, akakuta udongo wa kaburi umeshaanza kukauka. Hakuwahi kumwona mwanawe wala kumpa jina. Nilikuwepo uani alipofika, na yale niliyoyaona sitayasimulia.

Sasa Leonia alikuwa na mimba nyingine, ya miezi sita. Kazi waliihitaji, hilo halina ubishi. Lakini Telesphory alikuwa ameapa kwamba hatakwenda tena kwa mtu ambaye atamsahau barabarani.

Ndipo akaja Bwana Ashraf wa Ujiji, mwenye malori matano ya kijani. Mtu mfupi, mkali, asiyejua kutabasamu. Chai yangu aliirudisha mara mbili akidai inanuka moshi. Nilimchukia kwa moyo mweupe kabisa.

"Nasikia unaendesha vizuri," akamwambia Telesphory, amesimama.

"Wanasema."

"Utaanza lini?"

"Kwanza nitaangalia, mzee."

"Utaangalia nini? Magari si hayo?" Akaonyesha uwanjani, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Sisi sote tulijua kwamba mwezi uliopita lori moja la Bwana Ashraf liliharibika likalala kwenye mlima mmoja mbele ya Kidahwe. Waliopita waliliona kwa mbio tu, hakuna aliyesimama kuuliza. Dereva wake, Hamdani, alikuwa amerudi akiwa na malaria kali na amelala kwao Ujiji, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amemsikia. Wiki ile nilikuwa nakwenda Kasulu kununua maharage, nikapata nafasi kwenye lori la dereva mmoja, Oswald, na Telesphory akapanda nasi. Tulipofika mlimani akamwomba Oswald asimame.

Ilikuwa kiangazi, Agosti, mvua haijagusa kitu tangu Mei. Mahali penyewe palionekana kwa mbali: doa jeusi la oili, mawe yaliyozuia matairi, matawi makavu yaliyorundikwa mtaroni. Na jivu. Telesphory alianza kulihesabu akitembea taratibu, mikono mgongoni, kama mkaguzi wa shule. Jiko la kwanza, la pili, la tatu. Alipofika la kumi na moja alisimama.

"Siku kumi na moja," akasema. "Labda na zaidi."

Sasa mimi kazi yangu ni moto. Nimepika tangu nikiwa msichana, jivu nalijua, sufuria zangu nasugulia jivu hadi leo. Niliona wazi kwamba pale pana jambo.

"Teles, Hamdani ni mtu mmoja. Majiko kumi na moja ya nini?"

"Alikuwa anahamisha kila siku, anafuata kivuli."

"Dereva gani huyo, anahamahama kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

Alikuwa ameshika tawi moja kavu, analivunja vipande vidogo vidogo, na nilijua hayupo tena pale Kidahwe, yuko mbele ya Kibondo. Nikaona pia kigae cha chungu, na kitambaa kilichofungwa kama kata ya kubebea mzigo kichwani. Dereva habebi chungu wala hajitwishi mzigo. Ningeweza kuviokota nikamwekea mkononi. Nitasema kweli: nilinyamaza, na nilinyamaza kwa sababu nilifurahi. Nilimkumbuka Bwana Ashraf na kikombe changu cha chai, nikajiambia, unaona sasa, ubaya wako umejulikana.

Tuliporudi Gungu, Telesphory alisema uwanjani, mbele ya watu wote, kwamba Bwana Ashraf alimwacha mtu wake porini siku kumi na moja. Watu walimwamini, maana hakuwa mtu wa maneno mengi. Madereva wawili waliokuwa wamekubali kuanza kwa Bwana Ashraf wakarudisha funguo kesho yake. Malori mawili ya kijani yakabaki yamesimama tu, na mahindi stesheni yanangoja.

Baada ya siku tisa hivi, Hamdani aliingia hotelini kwangu. Malaria ilikuwa imemkausha, shati linaning'inia. Alimkuta Telesphory kwenye benchi lake, akakaa mbele yake bila kuagiza kitu.

"Kaka, nasikia umenihesabia jivu."

"Nilihesabu. Pole kwa yaliyokukuta."

"Yaliyonikuta unayajua wewe?" Hamdani ni mpole, watu wa Ujiji mnatujua, lakini siku ile sauti ilimpanda. "Gari liliharibika asubuhi. Jioni ile ile Bwana Ashraf alifika mwenyewe na fundi. Wakakuta gia boksi imekufa, spea mpaka itoke Tabora kwa treni. Akaniambia, panda turudi, nimekuja na mtu wa kukupokea zamu. Mimi ndiye nilikataa."

"Ulikataa kwa nini?"

"Kwa sababu ya watu. Warundi wametoka mpakani kwa miguu, wanakwenda kambini, wameona gari wakafikiri limewajia. Akina mama, wazee, watoto wanakohoa. Sitini na kitu. Baridi ya mlima ule unaijua. Wakaniambia amahoro, yaani amani, wakakaa. Sasa nipande Landrova niende kwangu nikalale? Nikashusha turubai nikalitanda ubavuni mwa gari, wakalala chini yake, kila ukoo na moto wake. Bwana Ashraf aliwatazama wee, akageuza. Nikasema basi, amekasirika. Kesho yake akarudi na gunia la maharage, gunia la unga, na sufuria la harusini kwao. Amekwenda kwenye shirika la wakimbizi akawagombeza mpaka wakatoa magari ya kuwachukua. Siku ya tatu wakachukuliwa. Ya nne spea ikaja. Hizo kumi na moja umezitoa wapi, kaka?"

Telesphory aliinama, akaviangalia viatu vyake. Mimi niliangalia ukuta. Nilijisikia vibaya, vibaya sana, maana yeye alikosea kwa uchungu na mimi nilikosea kwa kikombe cha chai.

"Nilikiona kigae cha chungu," nikasema. "Nikanyamaza."

Telesphory akainua macho akaniangalia. Hakunitukana, ingawa nilistahili. Alisimama, akaenda uwanjani, akawaita madereva na kuwaambia kwamba amesema uongo bila kujua, na akaeleza yote kama Hamdani alivyoyaeleza. Mtu wa umri wake, mbele ya vijana wanaocheka kila kitu. Hakuna aliyecheka.

Kisha akataka kwenda kwa Bwana Ashraf. Nikamwambia naenda naye. Nilichemsha chai kwa mkaa, siyo kuni, nikaijaza kwenye chupa, tukaenda Ujiji.

Bwana Ashraf alikuwa gerejini kwake, amevaa kanzu, mikono imejaa grisi. Telesphory akasema aliyokuja kusema. Yule mzee alisikiliza huku anafuta vidole kimoja kimoja.

"Umeshawaambia wenzio?"

"Nimewaambia."

"Basi yameisha. Kazi unaitaka au huitaki?"

Hapo ndipo Telesphory alipouliza lile swali lake, ambalo nadhani miaka mitatu lilikuwa limemkaa kooni. "Mzee, nikilala njiani, nani atakwenda kumwambia mke wangu?"

Nilitegemea ahadi. Kila mwenye gari ana ahadi, kampuni ya bluu ilikuwa nazo tele. Bwana Ashraf hakuahidi kitu. Alitupa kitambaa, akauliza, "Nyumba yako iko wapi?"

"Gungu."

"Gungu kubwa. Nionyeshe."

Akaingia kwenye Landrova na kanzu yake yenye grisi. Tukaenda, tukamkuta Leonia anachambua mchele uani. Alimwamkia shikamoo, akaleta kigoda. Bwana Ashraf alikaa, akauliza mtoto anategemewa mwezi gani, akauliza atajifungulia wapi, akauliza jirani wa kuitwa kwa haraka ni nani. Nikasema ni mimi.

"Wewe wa chai ya moshi," akasema.

Nikamfungulia chupa, nikammiminia. Alikunywa yote, akarudisha kikombe, hakusema ni nzuri wala mbaya. Kwa mtu kama yule, hiyo ni sifa. Alipoondoka, Leonia alibaki amesimama mlangoni, mkono tumboni. "Amekuja kuiona nyumba," akamwambia mumewe. "Baba, amekuja kuiona." Akaanza kulia, na mimi sikumkataza.

Telesphory alianza kazi Jumatatu. Wale madereva wawili nao wakaomba msamaha wakarudi, na mahindi yakapanda milima kwenda kambini.

Novemba mvua zikaanza, njia ya Kasulu ikawa utelezi mtupu. Asubuhi moja dereva mmoja akasimama kwangu, hata injini hakuzima. "Mama Lulu, lori la Telesphory limekatika ekseli jana jioni, kule kule Kidahwe." Leonia alikuwa ameanza kuumwa uchungu tangu alfajiri, na nilikuwa nimemwacha na mama yake nije tu kuwasha moto.

Nilikimbia na aproni yangu, mwiko mkononi, natafuta maneno ya kumwambia. Nilipofika, Landrova ilikuwa mlangoni. Bwana Ashraf amekaa nje kwenye kigoda kile kile, kofia magotini, mvua inamnyeshea kidogo begani. Shirika lilikuwa limepata habari kwa redio yao usiku ule, likampelekea.

"Hamdani ameondoka saa kumi na moja na gari dogo, kwenda kumpokea zamu Telesphory ili arudi nalo," akasema. "Mkewe ameshaambiwa. Mchukueni twende hospitali, mnangoja nini?"

Telesphory alifika hospitali kabla ya adhuhuri, matope hadi magotini. Mtoto alikuwa bado. Alikaa kwenye benchi la nje, mimi upande huu na Bwana Ashraf upande ule, mpaka nesi alipotoka akasema ni msichana na wote wazima. Telesphory alimpokea akamwangalia usoni muda mrefu. "Regina," akamwambia, yeye mwenyewe, kwa kinywa chake.

Hamdani alirudi baada ya siku mbili, na gari limepona. Nilimpa chakula, nikamuuliza alikuta nini kule mlimani, maana ugonjwa wa jivu wa Telesphory na mimi ulikuwa umeshaniingia.

"Matawi mabichi," akasema, "na mafiga matatu. Ameinjika maji ya ugali, hata hayajachemka."

"Na jivu?"

Hamdani akacheka. "Jivu gani, dada? Usingepata la kusugulia sufuria moja."