Jembe Kwenye Kalenda

Mjukuu wangu nilimlea mimi. Mama yake alipoolewa tena kule Mbeya aliniachia akiwa hajaota meno, nikambeba mgongoni kushuka naye chemchemini, bondeni chini ya kijiji chetu, upande huu wa Igowole. Nayasema haya mapema ili mtu asije akasema kijana hakujua. Alijua.

Kwetu chemchemi husafishwa na wanawake. Mvua zikikatika, tope na majani huwa vimeziba jicho la maji. Tunashuka na majembe, tunatoa tope, tunafungua njia, maji yanapumua. Anayeanza ni mkubwa wao, na siku hizi mkubwa ni mimi, wenzangu wamekwisha kulala. Usipozibua, maji yanajificha.

Mjukuu akawa mpiga picha, anakaa Iyunga, Mbeya mjini. Mwaka juzi akaja na kamera yenye mdomo mrefu, anatafuta picha za mahali mji unapokutana na msitu. Nikamwambia huku mji haujaja kwa nyumba, umekuja kwa milingoti, mikaratusi hii. Tajiri mmoja wa mjini ameipanda hadi ukingoni mwa chemchemi, nayo inakunywa kuliko ng'ombe. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema, "Ndiyo bibi, naiona."

Ilikuwa siku ya kusafisha. Nikaingia majini, nikainua jembe.

"Rudia, bibi. Jua limekaa vizuri."

Nikarudia. Mtu mzima mimi, nikawa nainua jembe la bure kumfurahisha mtoto.

Mwaka ulipogeuka nilikwenda dukani kununua chumvi, nikakuta kalenda mpya ukutani, ya watu wanaojiita watunza mazingira. Jirani yangu wa kwaya alikuwa ameifunua katikati, anacheka hadi ameshika mlango. "Dada, umekuwa bibi wa Juni!"

Nikatazama. Mimi kweli, jembe juu, miguu majini. Mlingoti haumo hata mmoja. Chini pana maneno mekundu, na mimi kusoma kwangu ni kwa kukokota, nikamwambia anisomee. Kicheko kikamkatika. Akasoma polepole: "Wanaoua vyanzo vyetu vya maji."

Haikupita muda chemchemi ikazungushiwa waya na bango likasimamishwa: marufuku kulima, marufuku kuingia na jembe. Mwenyekiti wa kijiji aliniita akasema nami kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kama angenifokea. Nikamkumbusha kuwa mama yake alisafisha pale pamoja nami. Akakubali, anakumbuka vizuri, ila wakubwa wa wilayani hawamjui mama yake, wanaijua kalenda. Wasichana nao wakapata la kusema. Wakiniona njiani wanaitana, "Ficheni ndoo, Juni anakuja."

Mjukuu alikuja mvua zilipokatika. Akasimama mlangoni: "Kamwene, bibi." Sikuitika mpaka alipokaa. Nikamuuliza kama maneno yale kaandika yeye. Akasema hapana, waliandika wao wenye kalenda.

"Na milingoti nani aliitoa?"

"Walitaka uonekane kwa karibu. Nikaikata pichani."

"Ulipoyasoma maneno yao ukasemaje?"

Akatazama viatu vyake. "Nilinyamaza, bibi."

Nilimpa ugali akala, tumbo halina kosa. Alipomaliza nikamwambia siku za kusafisha zimefika na wanawake wanaogopa bango, basi achukue jembe pale nyuma ya mlango, twende wawili.

Akasema, "Bibi, si wamekataza jembe?"

Nikaliacha jembe nyuma ya mlango. Nikashuka. Alinifuata nyuma, nasikia hatua zake kwenye majani makavu ya milingoti. Maji yalikuwa yamebaki dimbwi la kukanyagwa na kuku. Nikapita chini ya waya, nikapiga magoti, nikaanza kutoa majani na tope kwa mikono. Bango linakataza jembe, mikono halikuitaja. Tope la huku ni baridi, linaingia kwenye mifupa, na magoti yangu si ya kazi hiyo tena.

Yeye alibaki nje ya waya. Nikadhani anavua viatu aje. Nikasogea kidogo nimwachie nafasi.

Kisha nikasikia kamera ikilia. Ikalia tena.

Sikugeuka.