Kona ya Minazi Sita

Nakumbuka siku moja, saa moja na dakika arobaini asubuhi, kigingi cha kwanza kilipigwa nyundo katika shamba la marhumu baba yetu kule Bongwe. Nautaja wakati hadi dakika kwa sababu niliuandika. Siku hizo niliandika kila kitu: urefu wa ua, idadi ya miti, jina la kila aliyepita akauliza tunafanya nini. Mwanangu, kuna jambo moja tu ambalo sikuliandika, na ndilo lililotaka kumharibia dada yangu maisha.

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, na serikali ya kaunti yenyewe ilikuwa bado changa. Shule niliiacha darasa la nane, nikaajiriwa stoo ya hoteli moja pale Diani. Kusoma ramani nilijifunza peke yangu, kwa kitabu cha jiografia kilichokwisha kupoteza jalada. Ndugu zangu walipoamua kwamba mirathi ya baba igawanywe kwa utaratibu, kila mtu apate hati yake, wote walinitazama mimi. Hamisi, ndugu yangu anayenifuata, akasema, "Huyu akipima sukari ya chai hutumia rula. Mwachieni." Tukacheka, nami nikavimba kichwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi maji yangu niliyatia kwenye ramani.

Ardhi yenyewe ilikaa hivi. Barabara ya mtaa ilitoka upande wa Ukunda, ikaja imenyooka hadi kwenye ua wetu, ikakomea hapo. Ng'ambo ya shamba letu kulikuwa na msikiti na makaburi. Aliyetaka kufika huko alizunguka mbali, au alipenya kwetu kwa kijia cha kupita mtu mmoja mmoja. Ofisi ya mipango ya kaunti ilitueleza mapema kwamba ardhi ya makazi haigawanywi mpaka kila kiwanja kiwe na njia ya kufikika. Kwa hiyo ilitupasa kuirefusha barabara ile, ipite katikati ya shamba na kutokea upande wa pili. Sote tuliridhia kuitoa ardhi hiyo. Tulikuwa wanne: mimi, Hamisi, Saidi, na kitinda mimba wetu Mwanamisi.

Mwanamisi alikuwa amefiwa na mume, akilea watoto watatu katika chumba kimoja cha kupanga pale Ukunda. Kwa hesabu ya mirathi, fungu lake lilikuwa nusu ya fungu la kila mmoja wetu wanaume. Hakulalamika. Alisema tu kwamba nusu inamtosha, mradi iwe yake.

Sasa, katikati kabisa ya pale barabara ilipotakiwa kupita, palikuwa na minazi sita. Wewe uliyezaliwa mjini huenda hujui: huku kwetu ardhi inaweza kuwa ya mmoja na mti ukawa wa mwingine. Anayepanda mnazi kwa ruhusa ya mwenye shamba, mnazi ni wake, na watoto wake huurithi hata kama hawana shubiri moja ya udongo ule. Minazi ile ilikuwa ya Bi Mwatumu. Babu alimruhusu kuipanda zamani, alipokuwa jirani yetu, mwanamwali aliyeolewa juzi. Baada ya kufiwa na mumewe alihamia Mkongani kwa mwanawe, lakini kila nazi zikikomaa alimtuma mkwezi. Ardhi yetu, minazi yake. Hakuna aliyewahi kuligombania jambo hilo.

Basi mimi, mjuzi wa mila, nilifanyaje? Niliichora barabara ikifika karibu na minazi, ikapinda, ikaizunguka, kisha ikarudi kwenye mstari wake. Nikaiona kazi hiyo ni heshima kubwa kwa bibi wa watu.

Mpimaji wa ardhi alikuwa kijana wa bara, mtu wa maskani ya Ukunda, anayeita kila mtu bosi. Aliitazama karatasi yangu akajikuna shingo.

"Bosi, hii kona itatusumbua. Si uongee tu na huyo mathe mwenye minazi?"

"Wewe huwajui watu wa huku," nikamjibu. "Mnazi ni kama mtoto. Huwezi kumwendea mtu mzima ukamwomba mtoto wake umkate."

"Sawa. Lakini hujamwuliza."

"Haulizwi."

Akainua mabega, akapiga vigingi mahali nilipomwonyesha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja na dawa mkononi, na mwenyeji akakataa kupona.

Nami nitakuambia lililo baya zaidi, maana nasaha isiyo na ukweli ni maji ya kunawa tu. Kona ile ingeweza kupinda upande wa kusini, ikachukua ardhi ya Saidi, au upande wa kaskazini, ikachukua ya Mwanamisi. Niliipindia kaskazini. Si kwa sababu ya mteremko wala udongo. Niliipindia huko kwa kuwa Saidi angepiga kelele na Mwanamisi asingepiga. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi niliubandika mzigo ule kichwani mwa aliyekuwa na fungu dogo kuliko sote.

Wiki chache baadaye niliitwa ofisini Kwale. Afisa aliyenipokea alikuwa mama mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliutandaza mchoro, akaweka penseli yake juu ya kona.

"Gari la wagonjwa likiingia hapa litajikunja vipi?"

Penseli ikahamia kaskazini mwa kona.

"Na kiwanja hiki cha nne kimepungua hadi chini ya kipimo tunachokubali. Kamati inakaa Alhamisi. Mna njia mbili. Nyoosheni barabara, au kiunganisheni kiwanja cha nne na cha tatu, kiwe na hati moja."

Cha tatu kilikuwa cha Hamisi. Cha nne kilikuwa cha Mwanamisi.

Jioni ile tulikaa barazani kwa Saidi nikawaeleza. Hamisi, ambaye hana roho mbaya hata kidogo, alisema haraka, "Basi tuviunganishe. Hati iwe kwa jina langu, yeye ajenge popote apendapo. Si dada yetu? Nani atamfukuza?"

Mwanamisi alikuwa akimenya ndizi mbichi. Hakuinua uso. "Kaka Hamisi, wewe hutanifukuza. Ukifa je?"

"Mbona unaniua mapema, na bado sijala?"

"Miaka saba nakaa kwa watu," akasema, na kisu hakikusimama. "Nataka mlango ambao nikiufunga, nimeufunga mimi. Basi."

 Niliitazama mikono yake, nikakumbuka kwamba ni mimi niliyeikata ardhi yake kwa penseli, tena bila kumwuliza hata yeye. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini mimi nililichuma nikamwachia mmoja tu alile.

Jumatano, baada ya sala ya alfajiri, nilipanda bodaboda kwenda Mkongani. Nilichukua kilo mbili za sukari na majani ya chai, na njia nzima nilikariri maneno ya kumwomba Bi Mwatumu. Nilimkuta uani, mwembamba, amekaa kwenye kigoda akichambua mbaazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye wa Bongwe. Yule wa rula."

Kumbe sifa zangu zilikuwa zimenitangulia. Nikaanza hotuba yangu, nikamtaja babu, nikautaja ujirani, nikaitaja kaunti na kiwanja cha dada yangu. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza swali moja.

"Hiyo minazi, umeitazama?"

"Nimeipima, bibi. Kila shina nalijua lilipo."

"Shina. Na kilele?"

 Bi Mwatumu aliweka ungo chini. "Mkwezi wangu ananiambia miwili imeliwa na chonga, yule mdudu, hata mioyo ya minazi yenyewe imeoza. Haina kuti wala nazi, imesimama kama nguzo za simu. Umepindisha barabara ya watu kwa ajili ya maiti wawili, na hukuinua macho."

Akacheka, nami nilitamani udongo wa Mkongani unimeze. Alipomaliza kucheka, akanikemea. Sauti yake haikupanda, na maneno yake nimeyahifadhi hadi leo.

"Mjukuu wangu, uliniheshimu mpaka ukaniona siwezi kujibu. Ulikaa huko na karatasi yako ukanisemea: Bi Mwatumu atakataa. Nani alikupa ulimi wangu? Heshima isiyouliza ni dharau iliyovaa kanzu."

Kisha akanisimulia jambo nililokuwa nalijua nusu. Siku aliyozikwa mumewe, jeneza lilipitishwa kwenye kile kijia chetu chembamba. Wabebaji hawakuweza kwenda bega kwa bega. Jeneza liligonga mti, likainama upande, mtu mmoja akaanguka magoti. Yeye hakuwepo njiani, kwa kuwa wanawake hubaki nyumbani, lakini habari ilimfikia kabla udongo haujakauka. Tangu siku hiyo alikuwa akiiomba barabara ile ifunguke. Aliiomba kwa Mungu tu, maana ardhi haikuwa yake, na hakutaka kuonekana anaamuru katika shamba la watu. Yeye alikuwa akingoja sisi tumwulize, nasi tulikuwa tukiogopa kumwuliza.

"Ikateni yote sita," akasema. "Pesa sitaki. Miwili mibovu ichomeni, mdudu asihamie ya jirani, maana nazi mbovu harabu ya nzima. Minne mizima ipasueni, mumpe huyo dada yako boriti za nyumba. Na njia muifanye pana, jeneza lipite na watu pande zote mbili bila kuguswa na jani. Hilo ndilo sharti langu."

Nilikuwa na karatasi ya ridhaa mfukoni na kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba lake. Alikitazama kile kidau, akakisukuma kando, akaomba kalamu. Akaisoma karatasi yote, akanirekebisha mahali nilipokosea jina la baba yake, kisha akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, polepole, kila nukta mahali pake. Nimeona mihuri mingi maishani mwangu. Sijaona mwingine uliotulia kama ule.

Alasiri ile ile kijana wa bara aling'oa vigingi vya kona akavipiga upya kwenye mstari. Mwanamisi alikuja kushika upande mmoja wa kamba, mimi nikashika wa pili. Nilimwomba radhi tukiwa hivyo, kamba imevutwa baina yetu. Akasema, "Vuta vizuri, kaka, isilegee." Huo ndio msamaha alionipa, nami niliupokea.

Alhamisi, saa tano na robo, kamati ilipitisha mgawanyo wa viwanja vinne na kurefushwa kwa barabara ya mtaa hadi msikitini. Afisa mwenye miwani ya uzi alinipa nakala akasema, "Sasa gari litapita." Nilishukuru, lakini moyoni nilijua ni nani aliyeipitisha barabara ile, na hakuwa ndani ya ofisi.

Mwanamisi alijenga vyumba viwili, na boriti za mnazi ziko juu yake mpaka leo. Miaka michache baadaye Bi Mwatumu aliugua, akafia Msambweni kwa binti yake. Alikuwa ameusia azikwe Bongwe, karibu na mumewe. Jeneza lake lilishushwa mwanzo wa mtaa, likapita kwenye barabara iliyonyooka, wabebaji bega kwa bega, watu wakipokezana pande zote mbili, wala halikugusa jani. Nilikuwa kati ya wabebaji. Tulipofika kiwanja cha nne nilimwona Mwanamisi ameufungua mlango wake wazi kabisa, akasimama ndani ya kizingiti, kanga kichwani, mpaka tulipopita. Kisha akaufunga yeye mwenyewe.

Mwanangu, nasaha yangu si ndefu. Leo ardhi inapimwa kwa mitambo, na ramani unaiona kwenye simu. Jifunze hayo yote, nami nakuhimiza ujifunze. Ila ramani haiandiki mti ni wa nani, wala mwenye mti ana haja gani moyoni, na hilo ndilo jambo moja ambalo sikuliandika. Nenda ukamwulize. Kuuliza si ujinga. Muulize mzee, usimjibie. Muulize na yule asiyepiga kelele kabla ya wote, kwa kuwa mtu mpole ndiye kona hupindiwa kwake. Na ukishapima shina, inua macho utazame kilele.

Mwenyezi Mungu akupe fungu lako, dogo au kubwa, na mlango unaoufunga kwa mkono wako. Akujaalie jirani mwenye kalamu iliyotulia, na siku yako ikifika, njia yako iwe pana. Amin.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuandika kila kitu, naliandika na hili lililosalia: kuipima, kuichora na kuing'oa kona ile, ambayo hakuna gurudumu lililowahi kuipita, kulitupotezea shilingi elfu kumi na nane.