Nambari Aliyoichunga Xavérine

Shule ya serikali iliyo juu ya mji wa Gisenyi ilikuwa inatimiza miaka sitini, na kama kawaida ya shule zetu, kitu cha kwanza kilichofikiriwa ni ubao. Ubao mkubwa langoni, wenye majina ya waliosoma hapo wakawa watu wakubwa: balozi, jaji, daktari wa upasuaji. Kazi ya kukusanya majina alipewa Sano, mwalimu wa historia, kijana aliyekulia Goma na asiyejua kupumzika.

Hakuna aliyewaza kumuuliza Xavérine. Huyu ni fundi cherehani wa shule tangu mwaka wa tisini, na hakuna shuka la bweni ambalo halijapita mikononi mwake. Mwanafunzi akifika na mashuka na sare zake, Xavérine humpa nambari, huishona kwa uzi mwekundu, kisha hupeleka orodha kwa katibu. Anayemaliza shule huiacha nambari, mwingine akairithi. Yule balozi, Xavérine anamkumbuka kama nambari arobaini, aliyekojoa kitandani hadi mwaka wa tatu. Hilo langoni halitaandikwa.

Sano alipoingiza orodha za zamani kwenye kompyuta, alikuta pengo. Nambari 217 iligawiwa mara ya mwisho kabla ya mauaji ya kimbari ya mwaka wa tisini na nne. Tangu shule ilipofunguliwa tena, kila orodha ilitoka 216 ikarukia 218. Akaenda chumba cha cherehani.

"Mama Xavérine, deux cent dix-sept, ile 217, iko wapi? Miaka yote hii haina mutu."

"Iko na mwenyewe."

"Bon, kama ulisahau, haina shida. Siku ya lundi batoto bapya banafika, tutaipatia mumoja."

Xavérine aliondoa mguu kwenye pedali. Siku hii alikuwa ameiogopa kwa miaka thelathini.

Nambari ilikuwa ya Umugwaneza, mdogo wake wa mwisho, aliyemlea mwenyewe mama yao alipofariki. Alikuwa mwaka wa tano. Aprili ile aliuawa, na mpaka leo haijulikani walimtupa wapi. Mara ya mwisho dada yake kumwona, alikuwa amevaa sweta ya shule, na ukosini ilikuwa 217.

Alimweleza Sano polepole, macho yake yakiwa kwenye kitambaa. Makaburi ya pamoja yalipofukuliwa, yeye aliitwa kuosha nguo. Alitafuta uzi wake, na aliuona: 88, 140, 305. Akataja majina, na familia zikapata wa kuzika. Watoto kumi na wanne walirudi kwao hivyo. Umugwaneza hakuwamo.

"Mupaka leo batu banachimba misingi ya nyumba, banakuta mifupa," alisema. "Siku bataona ile sweta, bataleta nambari hapa ku shule. Kama batoto kumi bameshaivaa, nani atajua ni yake? Mi naichunga ili arudi nyumbani, mwanangu."

Sano alilia, tena bila kujificha. Halafu akamshika mkono, wakaenda ofisini, akaandika jina la Umugwaneza mbele ya 217. Kompyuta ikataka kujua hali ya mwanafunzi: yupo, amehama, amehitimu, amefariki. Tatu za mwisho huiachia nambari papo hapo, ikagawiwa mwingine. Sano akachagua ya kwanza.

Jumamosi ubao ulizinduliwa. Umugwaneza hayumo, maana hakufika mwaka wa sita. Xavérine alipiga makofi na wenzake, balozi akamkumbatia, naye kwa heshima yake hakutaja mashuka.

Jumatatu jioni, Hitimana, mpishi mkuu, alikuja ofisini na karatasi yake mkononi. Orodha ya kompyuta ilisema wanafunzi mia sita na mmoja, yeye amehesabu sahani mara mbili, waliokula ni mia sita.

"Ni sawa," Sano alimwambia. "Mumoja iko mu njia."