Diski Niliyoiweka Nyumbani

Nilihamia mji wa Kitui mwaka uliofuata kifo cha mume wangu. Watoto hatukujaliwa, na pale Kalamba tulikoishi nyumba ilikuwa imeanza kunishinda kwa ukimya. Kituo kimoja kidogo cha redio, kinachotangaza kwa Kikamba, kilikuwa kinatafuta mtu wa kutunza rekodi zake. Binamu yangu aliyenipeleka aliwaambia wakubwa wa kituo, "Huyu anaweza kukaa peke yake siku nzima na asilalamike." Alidhani ananisifu.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya studio, hakina dirisha la nje. Watangazaji niliwaona kupitia kioo wakicheka, sauti zao hazinifikii. Mchana walikwenda kula pamoja. Mimi nilifungua mkebe wangu wa isyo na kula mbele ya kompyuta, mahindi na maharagwe ya jana, mara nyingi bila kuyapasha moto.

Kazi yenyewe sikuijua. Aliyenifundisha ni fundi wa kompyuta wa pale mjini, Mwislamu, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani akafungua duka Kitui na hakurudi tena. Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko chetu. Aliniita dada, nami nikamwita mwalimu, ingawa nilimzidi umri.

Siku ya kwanza alinionyesha sanduku jeusi lililowekwa kwenye rafu, lina taa ndogo za kijani na waya uliokwenda ukutani.

"Zamani kila mtangazaji aliweka kipindi kwenye kompyuta yake," alisema. "Kompyuta ikiharibika, kipindi kimekwenda. Sasa vyote vinakaa humu. Hiyo folda unayoiona kwenye kioo chako, dada, haipo hapo mezani. Ipo huku. Waya ndio unaokufikisha."

"Na wale wa studio?"

"Wanaona folda hiyo hiyo. Wote mnaingia nyumba moja, kila mtu kwa mlango wake."

Ilinichukua muda kuelewa. Alinifundisha kumpa kila mtu ruhusa yake, huyu asikilize tu, yule aweze kuandika na kufuta. Kisha akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na diski mbili, na kila kilichoandikwa kwenye moja kiliandikwa kwenye ya pili papo hapo. Akaniambia nicheze wimbo wowote. Wimbo ukiendelea, akachomoa diski moja. Nilishika meza. Wimbo haukukatika.

Nikamwambia, "Basi hatuwezi kupoteza kitu."

Alirudisha diski, akangoja mpaka taa zote zikawa kijani tena, akanipa faili ya majaribio na kuniambia niifute. Nikaifuta. "Haya, itafute kwenye diski ya pili." Haikuwepo.

"Diski mbili zinakulinda diski moja ikifa," alisema. "Mkono ukikosea hazikulindi, kwa sababu zinautii mkono zote mbili kwa pamoja. Ndiyo maana lazima uwe na bakapu, nakala nyingine kabisa, iliyo mbali na sanduku hili, mahali waya haufiki."

Alinipa diski ya nje, ndogo kama kitabu cha nyimbo za kanisani. Kila Ijumaa nilinakili kila kitu humo, nikaibeba kwenye mkoba hadi chumba nilichopanga, nikaiweka kwenye sanduku la nguo, katikati ya shuka.

Mkataba wake ulipoisha alienda kufanya kazi Mombasa. Nilikuwa nimezoea kumsikia akisema "umefahamu?" baada ya kila jambo. Baada ya hapo zilipita wiki nzima ambazo watu niliozungumza nao kazini ni wale tu waliopotea njia wakitafuta choo.

Kisha Jumatano moja alikuja mzee kutoka Zombe. Alikuwa na koti zito na kofia mkononi. Mlinzi alimleta kwangu, akamwacha mlangoni.

"Mama, nimeambiwa wewe ndio unaweka sauti," alisema. "Bibi yangu aliongea hapa kabla ashikwe na ugonjwa. Aliongea juu ya wamama waliochimba kisima kwa mchanga wa mto. Amezikwa mwezi uliopita. Mimi siku hiyo nilikuwa malishoni, sikumsikia."

Nilimpa kiti. Nikafungua folda ya vipindi vya wanawake. Ilikuwa tupu. Nikafunga, nikafungua tena. Nilimwomba mzee anisubiri, nikaenda studio. Mtangazaji mmoja aliniambia bila hata kuvua hedifoni, "Ah, mimi ndio nilifuta jana. Nafasi ilikuwa imeisha. Si kuna ile diski nyingine?"

Nilichukua mkoba wangu na kutembea hadi nyumbani, jua likiwa kali, midomo imenikauka. Njiani niliwaza kwamba huenda nakala ya mwisho haikukamilika, na kwamba mzee angerudi Zombe mikono mitupu kwa sababu yangu. Niliporudi nayo kituoni na kuichomeka kwenye kompyuta, ile diski ilinguruma kidogo, kisha folda zikajitokeza. Vipindi vilivyorekodiwa tangu Ijumaa havikuwemo, na hivyo havikupatikana tena. Cha mke wa mzee kilikuwemo.

Nilimvalisha hedifoni. Hakulia. Alikaa ameinamisha kichwa, mkono mmoja juu ya sikio kana kwamba kuna upepo. Kilipoisha alinitazama.

"Anaongea haraka," alisema. "Hata nyumbani alikuwa anaongea haraka. Nilikuwa namwambia apunguze."

Nikamwekea kipindi kwenye memori kadi, ile wanayoingiza kwenye redio ndogo. Aliifunga ndani ya leso, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka. Mchana huo nilirudisha folda zote kwenye sanduku jeusi, nikaondoa ruhusa ya kufuta kwa kila mtu isipokuwa mimi. Yule mtangazaji alinuna siku kadhaa, halafu akasahau.

Nilitaka kumweleza mtu. Nilimpigia mwalimu, akapokea akiwa mahali penye kelele nyingi. "Mashallah, dada. Ulifahamu vizuri," alisema, kisha akaniomba radhi, wateja walikuwa wanamngoja.

Mwisho wa wiki nilienda Kalamba kumwona mama. Masikio yake yamechoka, simu haisikii tena, lazima uweke mdomo karibu kabisa. Nikamsimulia yote, mzee, folda tupu, diski iliyokaa kati ya shuka. Alisikiliza huku akichambua pojo kwenye ungo.

"Kwa hiyo unaweka maneno ya watu," alisema.

"Ĩĩ, mwaitu," nikasema, yaani ndiyo, mama. "Yasipotee."

"Na wewe huko unaongea na nani?"

Nilisema nina majirani. Alinitazama kidogo, akanisogezea nusu ya pojo nimsaidie. Tulichambua, bega langu likigusa lake, na sikutafuta la kusema. Jumapili baada ya ibada nikarudi Kitui.